Kalamu ya Mwamuzi Nayo Ipimwe

Ndugu msomaji, leo naanza kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu katika mdahalo wa shule za sekondari. Mada ilikuwa ile ambayo sisi sote tumekua nayo: je, maisha ya kijijini ni bora kuliko maisha ya mjini? Ukumbi ulifurika hata waliokosa viti wakasimama madirishani. Wazazi kadha wa kadha walikuwa wameacha shughuli zao za siku hiyo ili waje kuwasikia watoto wao. Kazi yetu ilikuwa kumchagua msemaji bora, ambaye ndiye angekwenda kushindana mkoani.

Mwishoni walibaki wasemaji wanne, na kila mwamuzi alitakiwa kumpa kila mmoja wao alama kati ya 0 na 100. Mimi nilimpa binti mmoja wa kidato cha tatu alama 74, kijana aliyesema baada yake 72, na wawili waliosalia 70 na 69. Mwamuzi wa pili, mwalimu mstaafu, alimpa binti huyo 76, kijana 73, na wale wawili 74 na 71. Mwamuzi wa tatu alikuwa bwana mmoja mchangamfu, mwepesi wa kupenda na mwepesi wa kuchoka. Yeye alimpa binti 65, kijana 88, na wale wawili 60 na 50. Katibu akajumlisha: kijana alama 233, binti alama 215. Kijana akatangazwa mshindi, makofi yakarindima, nasi waamuzi tukatia saini.

Tulipokuwa tukitoka, binti yule alinifuata. Aliniamkia, "Shikamoo, mwalimu," maana kwa wanafunzi mtu mzima yeyote mwenye kalamu mkononi ni mwalimu. Kisha akasema kwa adabu, "Naomba unieleze nilipokosea, nipate kujirekebisha." Niliitazama karatasi yangu. Nilikuwa nimemweka wa kwanza. Nikakosa la kusema, nikamjibu lile jibu la watu wazima wasio na jibu: "Ongeza bidii, mdogo wangu. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

Usiku ule, nikiwa nyumbani, niliziandika upya zile alama nyuma ya bahasha. Hapo ndipo nilipoona kwamba waamuzi wawili kati ya watatu walimpa binti nafasi ya kwanza, na wa tatu alimpa nafasi ya pili. Kijana aliwekwa wa kwanza na mtu mmoja tu. Hata hivyo alimshinda mwenzake kwa alama 18. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyehongwa, wala hesabu ya katibu haikuwa na kosa hata moja. Dhuluma ilipita katikati ya hesabu iliyokuwa sahihi.

LUMBESA YA ALAMA

Mkulima yeyote ataelewa lililotokea. Gunia ni gunia kwa jina, lakini gunia lililojazwa kwa kawaida na kushonwa mdomo si sawa na lumbesa iliyovishwa kilemba. Ukihesabu idadi ya magunia bila kuangalia ujazo wake, utamwumiza aliyelima. Alama nazo ndivyo zilivyo. Alama moja ya mwamuzi huyu si lazima iwe na uzito wa alama moja ya mwamuzi yule. Kwangu mimi, tofauti kati ya msemaji wa kwanza na wa mwisho ilikuwa alama 5. Kwa mwalimu mstaafu vilevile ilikuwa 5. Kwa yule bwana ilikuwa 38. Kwa hiyo tulipozitia alama zetu katika kapu moja, maoni yetu sisi wawili yalimezwa na maoni yake.

Sisemi kwamba yule bwana alikosea. Yamkini alikiona kipaji ambacho sisi hatukukiona. Ninachosema ni kwamba, madhali tulikaa pale watatu kwa haki sawa, haifai mmoja awashinde wawili kwa sababu tu ana mkono mpana wa kutoa na wa kunyima. Yeye alifanya hivyo pasipo kujua. Lakini mtu mwenye nia mbaya angeweza kulitenda jambo hilohilo kwa makusudi: ampe mwanafunzi anayemtaka alama 95, ampe mpinzani wake 40, na katibu asingekuwa na sababu ya kumzuia. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Utaratibu mzuri ni ule usiompa mwamba ngoma ngozi ndefu ya kuvuta.

Dawa ya kwanza ni kuangalia nafasi badala ya jumla ya alama. Binti alikuwa wa kwanza, wa kwanza, na wa pili: ukijumlisha nafasi zake unapata 4. Kijana alikuwa wa pili, wa tatu, na wa kwanza: anapata 6. Wale wawili wanapata 8 na 12. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi, naye ni binti. Katika mashindano ya hotuba ya shule za Marekani, njia hii ni ya kawaida: mwamuzi huwapanga wasemaji wa chumba chake kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na nafasi hizo ndizo zinazojumlishwa.

Dawa ya pili ni kuachana na alama ya juu kabisa na ya chini kabisa za kila msemaji. Kwa waamuzi watatu, hubaki alama ya katikati. Ya binti ni 74, ya kijana ni 73. Hapa pia binti anashinda, ingawa kwa unywele mmoja. Mchezo wa kuteleza juu ya barafu ulifundishwa somo hili kwa aibu. Katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2002 huko Salt Lake City, ilizuka fitina kubwa juu ya mwamuzi mmoja wa Ufaransa aliyedaiwa kutoa kura yake kwa shinikizo, hata ikalazimu jozi ya Kanada nayo ipewe medali ya dhahabu pamoja na jozi ya Urusi. Mwaka 2004 utaratibu wa kutoa alama ukabadilishwa, na miongoni mwa kanuni mpya ni ile ya kuondoa alama ya juu na ya chini kabla ya kutafuta wastani.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kuna mizani isiyo na dosari. Nafasi huficha ukubwa wa tofauti: aliyemzidi mwenzake kidogo tu na aliyemwacha mbali sana wote huandikwa wa kwanza. Mfaransa Jean-Charles de Borda aliieleza njia ya kuhesabu nafasi mbele ya wanachuoni wenzake wa Paris mwaka 1770. Mwaka 1785 mwenzake, Condorcet, akaonyesha jambo la ajabu: kwamba kundi la watu waaminifu laweza, kwa wingi wa kura, kumpendelea Asha kuliko Juma, Juma kuliko Neema, na papo hapo Neema kuliko Asha. Kwa hiyo kazi yetu si kutafuta mizani iliyoshuka kutoka mbinguni. Kazi yetu ni kuchagua mizani moja, kuikubali kabla ya shindano kuanza, na kuwapimia wote kwa hiyo hiyo.

WENYE UZOEFU WANAFANYAJE

Kabla ya kwenda mbali, tutazame kwetu. Usukumani, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu enzi za mababu. Makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, watazamaji huhama kutoka upande huu kwenda upande ule, na ushindi huwa wa kundi lililovuta umati mkubwa zaidi. Utaona hekima iliyomo. Kila mtazamaji ana kiwiliwili kimoja; hata akipenda kupindukia hawezi kuhesabiwa mara kumi. Kwa ngoma, ambayo shabaha yake ni kuwavuta watu, mizani hiyo inafaa kabisa. Kwa mdahalo haitoshi, kwa sababu makofi ya ukumbi aghalabu humwendea mwenye kuchekesha, au mwenyeji aliyekuja na wenzake wengi, wala si lazima yamwendee mwenye hoja nzito.

Sasa tuyatazame mashindano ya dunia ya midahalo ya shule, yaliyoanzishwa Australia mwaka 1988, na ambayo Afrika iliyapokea mjini Cape Town mwaka 2012. Huko kila upande una wasemaji watatu. Hotuba ya kawaida hupimwa kwa alama 100: 40 ni za hoja zenyewe, 40 ni za namna ya kuzisema, na 20 ni za mbinu, yaani kupanga hoja vizuri, kutumia muda sawasawa na kuligusa hasa jambo linalobishaniwa. Lakini mwamuzi haruhusiwi kutangatanga kutoka 0 hadi 100. Hotuba ya wastani hupewa 70, dhaifu kabisa haishuki chini ya 60, na bora kabisa haipandi juu ya 80. Kwa kufanya hivyo lumbesa imepigwa marufuku tangu mlangoni.

Kuna kanuni nyingine kubwa zaidi. Waamuzi huwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, na kila mmoja hujaza karatasi yake peke yake, kabla ya kushauriana na wenziwe. Kisha upande unaoshinda ni ule uliokubaliwa na waamuzi wengi, wala si ule wenye alama nyingi ukijumlisha karatasi zote. Laiti sisi watatu tungalikuwa na kanuni hii moja, binti yule angalikwenda mkoani.

Vyuo vikuu vina mashindano yao ya dunia, yaliyoanza Glasgow mwaka 1981, yakafika Gaborone mwaka 2011 na Cape Town mwaka 2019. Huko timu nne za watu wawili wawili hushindana katika chumba kimoja. Waamuzi hujadiliana kwanza wakakubaliana ni timu ipi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na timu hizo hupata pointi 3, 2, 1 na 0. Alama za msemaji mmoja mmoja hutolewa baada ya hapo, nazo haziruhusiwi kupingana na nafasi zilizokwisha kubaliwa. Baada ya duru ya kwanza, timu zenye pointi sawa au zinazokaribiana ndizo zinazokutanishwa, ili asiwepo wa kupanda juu kwa kubahatisha wapinzani dhaifu. Tena, katika duru nyingi za awali, waamuzi huwaeleza washindani sababu za hukumu yao ana kwa ana. Kumbuka neno hilo, ndugu msomaji: huwaeleza sababu.

ZAMU, LUGHA NA MAONI YETU

Hesabu ikishatengenezwa bado kuna mambo matatu yanayopotosha hukumu, nayo hayaonekani katika karatasi ya alama.

La kwanza ni zamu ya kusema. Ubelgiji kuna shindano mashuhuri la muziki lenye jina la Malkia Elisabeth. Katika fainali zake wapigaji 12 walikuwa wakitumbuiza wawili kila jioni kwa siku sita, na zamu zikipangwa kwa kura. Kama kura ni kura, siku ya kupiga haipaswi kuwa na uhusiano na ushindi. Wataalamu wawili, Flôres na Ginsburgh, walipoyachambua matokeo ya miaka mingi na kuchapisha uchambuzi wao mwaka 1996, waliona kwamba waliopangwa siku ya kwanza walikuwa na bahati ndogo ya kushika nafasi za juu. Waamuzi wale walikuwa mabingwa wa muziki. Ikiwa mabingwa hubana alama zao mwanzoni kwa kungoja watakaofuata, seuze sisi tuliookotwa ukumbini? Binti yule, nikumbushe, alisema kabla ya kijana.

La pili ni lugha. Midahalo mingi ya sekondari zetu huendeshwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyekisikia tangu utotoni hutiririka kama maji, ilhali mwenzake wa shule ya kata huko vijijini hulitafuta kila neno kama atafutaye sindano gizani. Mwamuzi asipojihadhari, atauhesabu ufasaha mara mbili: mara moja katika namna ya kusema, na mara ya pili katika hoja, kwa kudhani kwamba aliyesema kwa urahisi amefikiri kwa kina. Mashindano ya dunia yamelitambua jambo hili, hata yakaweka tuzo maalumu kwa washindani ambao Kiingereza kwao ni lugha ya pili au lugha ya kigeni. Nasi tuanze angalau kwa kujiuliza: je, hoja hii ingeandikwa kwa Kiswahili katika karatasi isiyo na jina, ningeipa alama ngapi?

La tatu ni maoni yetu wenyewe. Mimi nimezaliwa kijijini na napenda kijiji. Anayekisifu kijiji anaanza safari yake kwangu akiwa hatua moja mbele. Katika mashindano ya vyuo vikuu mwamuzi hufunzwa kujivika nafsi ya mwananchi wa kawaida: mwenye akili, anayefuatilia mambo ya dunia, asiye bingwa wa mada ile, na aliye tayari kushawishiwa na upande wowote. Ni vazi gumu kulivaa, lakini asiyeweza kulivaa heri akae upande wa wasikilizaji.

TUFANYE NINI

Hakuna katika haya linalohitaji fedha za wafadhili. Walimu wanaoandaa midahalo wanaweza kuanza muhula huu. Waamuzi wawe watatu au watano, na asiwepo mwenye mtoto au mwanafunzi wake jukwaani. Kabla ya kuanza, wakutane kwa robo saa wakubaliane hotuba ya wastani ni alama ngapi, na ukomo wa juu na wa chini ni upi. Zamu za kusema zipigiwe kura, na katika duru inayofuata aliyetangulia awe wa mwisho. Mtunza saa awe mmoja na kengele iwe moja kwa wote. Kila mwamuzi aandike peke yake kabla ya kushauriana. Mshindi apatikane kwa wingi wa waamuzi au kwa nafasi, si kwa jumla tupu ya alama. Na ikiwa nafasi zimefungana, hapo ndipo alama ziamue.

La mwisho, na kwangu ni kubwa kuliko yote, kila mshindani apewe sababu. Aambiwe hoja yake ipi ilisimama, ipi ilianguka, na ni nani aliyeiangusha. Mwamuzi anayejua kwamba atasimama mbele ya mtoto na kujieleza huwa mwangalifu zaidi na kalamu yake. Cheo ni dhamana, tulifundishwa hivyo, na kiti cha mwamuzi ni cheo hata kama kinadumu kwa mchana mmoja.

Nanyi wazazi, mtoto anaporudi nyumbani ameshindwa, msikimbilie kumwambia kwamba alionewa, wala msikimbilie kumwambia akubali kushindwa. Mwulizeni kwanza: ulipimwa kwa mizani gani, na umeambiwa nini? Methali ile niliyomtupia binti ni kweli tupu, lakini ina deni ndani yake. Tunayo haki ya kumdai mtoto akubali kushindwa pale tu sisi tulipotimiza wajibu wa kumpima sawasawa. Mtoto aliyeshindwa kwa haki hurudi kujifunza. Aliyeshindwa pasipo kujua sababu hujifunza jambo moja tu, kwamba kusema mbele za watu ni bahati nasibu, naye huacha kucheza. Nchi inayohitaji watu wa kusema ukweli vikaoni, toka baraza la kijiji hadi Bungeni, haiwezi kumudu kuwapoteza watoto wa namna hiyo.

Mimi nilichelewa. Zilipita wiki kadhaa kabla sijapata ujasiri wa kumwandikia mwalimu wa binti yule, nikamweleza hesabu yote ya nyuma ya bahasha. Mashindano ya mkoa yalikuwa yamekwisha, na matokeo hayakuweza kubadilishwa. Mwalimu alinijibu kwa barua fupi. Alisema alimwita binti ofisini akamsomea maneno yangu, naye akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo sikukosea?"

Tangu siku hiyo, kila ninapoalikwa kuamua mdahalo, kabla sijakubali huomba nionyeshwe karatasi ya alama. Wengine huniona msumbufu. Ndugu msomaji, nawe ukialikwa, kuwa msumbufu.